Watu wa Hafnarfjörður walielewa vizuri tu

Kila mradi wa kuzika hewa ukaa unapokwama, wenzangu wa fani hii huja na jibu lilelile: wananchi hawajaelimishwa, wakielimishwa watakubali. Nimechoka kulisikia. Si kweli, na linatuharibia kazi.

Tazama Iceland. Pale Hellisheiði, kwenye mtambo wa umeme wa jotoardhi, kampuni ya Carbfix hukamata hewa ukaa inayotoka na mvuke, huiyeyusha katika maji na kuishusha kwenye basalti, mwamba mweusi wa volkano. Katika majaribio ya 2012 gesi iliachiwa kama mapovu ndani ya maji yanayoshuka kisimani, ikayeyuka yote kabla ya kuingia mwambani, kati ya mita 400 na 800. Hakuna povu linalobaki la kupanda juu. Maji yenye gesi ni mazito kuliko maji matupu, hivyo huzama badala ya kupanda. Maji hayo yana asidi, hivyo yanaumumunya mwamba, yanatoa kalsiamu, magnesiamu na chuma, navyo vinashikana na kaboni kuwa jiwe. Zaidi ya asilimia 95 iligeuka jiwe ndani ya miaka miwili. Hata pampu ya kisima cha uchunguzi iliharibika, na ilipovutwa juu ikakutwa imegandwa na kalsaiti, jiwe la kalsiamu na kaboni, lililotokana na gesi ileile.

Wengi nchini waliyajua hayo, na Hellisheiði kazi iliendelea. Kisha ukaja mpango wa Coda, karibu na makazi ya mji wa Hafnarfjörður. Kampuni ileile, basalti ileile. Wakazi wakapinga, na mwaka 2025 mpango ukaachwa. Elimu iliyokosekana hapo ni ipi?

Waliyouliza wakazi ndiyo ambayo mhandisi yeyote makini angeuliza. Coda ilikusudiwa kufikia tani milioni 3 kwa mwaka, sehemu kubwa ikiletwa na meli kutoka nchi nyingine za Ulaya. Kila tani ya gesi huhitaji takribani tani 25 za maji. Piga hesabu: tani milioni 75 za maji kwa mwaka, yaani kama lita 2,400 kila sekunde, usiku na mchana. Maji hayo hupigwa kutoka ardhini na kurudishwa humohumo, lakini kuyachota hapa na kuyarudisha pale hubadilisha usawa wa maji na shinikizo. Hellisheiði ilikuwa ikizika takribani tani 12,000 kwa mwaka. Kuruka mara 250 si jambo dogo, na matundu ya mwamba yanaweza kuziba kwa mawe yaleyale tunayojivunia. Hapo hata sisi wa fani tuna mashaka, ila huwa hatuyapeleki mkutanoni.

Barendrecht, Uholanzi, ilitufunza mapema kwamba maelezo peke yake hayatoshi. Shell ilitaka kuzika gesi kwenye visima vya gesi asilia vilivyokwisha, chini ya nyumba za watu. Wakazi walipewa maelezo na mikutano, lakini mahali palikuwa pameshachaguliwa. Novemba 2010 serikali ikaufuta mradi.

Wengine huogopa gesi itatoka ghafla na kuua, kama pale Ziwa Nyos, Kameruni, 1986, walikokufa watu zaidi ya 1,700: gesi ile ilikuwa imejilimbikiza katika maji ya vilindi vya ziwa, juu yake pakiwa wazi. Chini ya mamia ya mita za mwamba mambo ni mengine. Hofu hiyo hujibika kwa dakika tano. Ya maji haijibiki hivyo.

Sasa macho yameelekea Bonde la Ufa, Kenya, kwenye basalti tele na jotoardhi. Anayekwenda kuzungumza na wafugaji na wakulima wa huko aende na namba ya lita kwa sekunde, kina cha maji yatakayochotwa na umbali wake kutoka visima vya kunywa. Aseme gesi ni ya nani, na nani atalipia kupima visima kampuni ikishaondoka. Na aende kabla ramani haijachorwa, wakati ambapo wakazi wakisema hapana, mradi bado unaweza kuhamishiwa kwingine.