Picha mbili zikilaliana, bado hujathibitisha wizi

Imezuka tena: katuni mbili zimewekwa sambamba, mkono umezungushiwa duara jekundu, na juu imeandikwa MWIZI, yaani mchoraji mmoja kamkopi mwenzake. Ushahidi? Picha moja imefifishwa ikalazwa juu ya nyingine, zikabebana, mstari juu ya mstari. Jamani.

La haraka kwanza. Mkao hauna mwenyewe. Hakimiliki hulinda mchoro, si wazo la mtu kuruka huku kakunja goti. Na ile hadithi kwamba ukibadilisha asilimia 30 umeshapona, haimo katika sheria ya Marekani. Isahauni.

Sasa huku kulaliana. Programu ya picha hukuruhusu kuvuta upana kivyake na urefu kivyake. Ukishavuta hivyo, mashujaa wawili wowote wanaopaa watabebana, hata kama waliowachora hawajuani. Funga uwiano, upana na urefu vikue pamoja. Kugeuza kushoto-kulia ruksa, maana wanaokopi hugeuza sana. Kisha linganisha sehemu moja tu, tuseme kidevu hadi kitovu, halafu acha kugusa. Tazama pale ambapo hukulinganisha: vidole, mikunjo ya nguo nyuma ya goti, ule uwazi kati ya kwapa na kiuno. Vikiangukiana vyote, mtu katresi, yaani kafuata mistari ya mwenzake, kwenye meza ya taa (kioo chenye taa chini yake). Lakini maumbo makubwa yakikubaliana huku tofauti ikizidi kadiri unavyosogea mbali na kidevu, huyo kachora kwa jicho, na kwa jicho ndivyo sote tulivyojifunza kazi hii.

Ushahidi mzito zaidi ni kosa. Goti lililochorwa sawasawa, watu wawili wanaweza kulifikia kila mmoja kwa njia yake. Unyayo mrefu kupita kiasi ukitokea mahali pawili, hapo pana mazungumzo. Hata hivyo tulia: huenda lenzi ya kamera ndiyo iliyourefusha, na wote wawili walichora kutoka picha ileile ya gazeti. Hao ni ndugu, hakuna aliyemzaa mwenzake.

Kinachonikera ni kwamba wenye duara jekundu hawaoni kasoro iliyo mbele ya macho yao: mtu aliyeazimwa kutoka mchoro mwingine ambaye hakai kwenye ukurasa wake mpya. Tafuta upeo wa macho, yaani mstari wa kimo cha jicho linalotazama. Fuata mistari ya vigae, au kingo za juu na chini za dirisha, hadi inapokutana. Kwenye sakafu tambarare, upeo ukimkata kiunoni mtu mmoja aliyesimama, utawakata kiunoni wote wa kimo chake, wa karibu na wa mbali. Aliyetolewa kwenye fremu (kisanduku kimoja cha katuni) iliyochorwa kwa jicho lililo chini, upeo wake uko magotini. Mpachike kwenye chumba ambacho upeo unapita machoni, ataelea au atageuka jitu, na hakuna kivuli kitakachomteremsha. Halafu mwanga: taa ya chumba iko kulia, na weusi wa kifuani nao umeachwa kulia. Halafu mstari. Ubao wa katuni za Kimarekani, ile karatasi nene ya kuchorea, ni inchi 11 kwa 17, eneo la kuchorea kama 10 kwa 15, na uchapaji hulipunguza hadi theluthi mbili hivi. Anayekuza fremu iliyochapwa ili airudishe kwenye ubao hukuza na unene wa wino mara moja na nusu. Akifuata kingo zake anapata mstari mnene, sawa kote, uliokufa.

Mifano mnaijua. Jalada la jarida la katuni Detective Comics, toleo la 27, 1939: mkao wa Batman wa Bob Kane umetoka kwenye Flash Gordon, katuni ya magazetini ya Alex Raymond, ya 1937. Uso wa Etrigan, yule pepo wa Jack Kirby, 1972, umetoka kwenye Prince Valiant, katuni ya magazetini ya Hal Foster, nayo ya 1937, pale shujaa wake Val anapojitengenezea kinyago kwa ngozi ya bata bukini. Wa Kirby tunauita heshima, wa Kane wizi. Nami humhukumu Kane kwa ukali zaidi, ingawa ukinibana nieleze sababu, jibu halitoki kwenye mchoro. Linatoka kwenye tabia za watu, na hiyo si fani yangu. Na walewale wapiga kelele husimama kwa adabu mbele ya Whaam!, mchoro wa rangi wa Roy Lichtenstein, 1963, kwenye jumba la sanaa la Tate, London, ambayo chanzo chake kikuu ni fremu ya Irv Novick katika jarida la katuni All-American Men of War, toleo la 89, la 1962.

Kuna na uazimaji ambao kulaliana hakutaugusa kabisa: mpangilio. Weusi mkubwa pembeni, uso mmoja mweupe, mkono unaopeleka jicho kwenye fremu inayofuata. Unaweza kubeba vyote hivyo bila mstari hata mmoja kulingana. Hapo sina kipimo cha kukupa. Nina hisia ya mtu aliyetazama kurasa nyingi, na mwenzangu aliyetazama kurasa hizohizo anaweza kunikatalia.

Kwa hiyo ukitaka kushtaki, leta kurasa mbili nzima. Ukikata mkono peke yake umetupa upeo, mwanga na mpangilio, na umebaki na mkono.