Je, wajua kwa nini macho hukauka baada ya upasuaji wa leza, na kama kuna dawa ya kuotesha neva upya?

Wengi waliofanyiwa upasuaji wa LASIK ili waachane na miwani hulalamika kwamba macho yamekauka na yanakereketa. Ajabu ni kwamba tezi za machozi hazikuguswa kabisa. Kilichokatwa ni neva.

Konea, ule utando angavu ulio mbele ya jicho, ina neva nyingi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili. Ndiyo maana punje moja ya vumbi hukuliza. Neva hizo huingia kutoka pembezoni na kuelekea katikati. Daktari wa LASIK hukata tabaka jembamba la konea karibu duara zima, akalifunua kama ukurasa wa kitabu, leza ikafanya kazi chini yake, kisha akalirudisha. Neva zinazosalimika ni zile tu zinazopita pale tabaka liliposhikilia. Bila neva, ubongo haupati habari kwamba jicho limekauka: machozi hupungua, hata kupepesa kope hupungua. Neva huota tena zenyewe, lakini polepole, kwa miezi, na kwa wengine miaka.

Je, zinaweza kuharakishwa? Jibu linaanzia Italia. Rita Levi-Montalcini, Myahudi aliyezuiwa kufanya kazi chuoni na sheria za ubaguzi za Mussolini za mwaka 1938, aligeuza chumba chake cha kulala mjini Turin kuwa maabara na kuchunguza neva za viinitete vya kuku. Baada ya vita alihamia Marekani, na huko St. Louis, yeye na Stanley Cohen wakaigundua protini inayozichochea neva kukua. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Leo protini hiyo hutengenezwa kwa kutumia bakteria na kuuzwa kama matone ya macho yaitwayo cenegermin. Ulaya iliyaidhinisha mwaka 2017, Marekani mwaka 2018. Hutiwa mara 6 kwa siku kwa wiki 8.

Lakini tusikimbilie duka la dawa. Idhini hiyo ni ya ugonjwa mwingine: konea iliyopoteza hisia ikaanza kuchubuka na kufanya vidonda, kwa mfano baada ya mkanda wa jeshi kushambulia jicho, au kwa sababu ya kisukari. Kuitumia kwa macho makavu ya LASIK ni nje ya idhini hiyo. Halafu bei: dozi kamili huko Marekani hufika makumi ya maelfu ya dola, na matone yenyewe huweza kuleta maumivu ya jicho. Kwa mtu ambaye neva zake zitaota zenyewe, sioni hesabu hiyo ikikubali.

Wengi hupewa machozi bandia tu. Yakishindwa, baadhi ya madaktari huchukua damu ya mgonjwa mwenyewe, wakatenga majimaji yake na kuyafanya matone. Ndani ya majimaji hayo imo protini ileile ya Levi-Montalcini, kwa kiasi kidogo.