Desmoidi ya ukuta wa tumbo: kisu si lazima kitangulie

Mama aliyejifungua mwaka mmoja au miwili iliyopita anapapasa tumbo na kukuta kitu kigumu ndani ya msuli, pengine karibu na kovu la upasuaji. Jirani anasema ni henia, shangazi anasema ni kansa. Mara chache sana jibu huwa desmoidi, uvimbe unaotokana na seli zinazotengeneza nyuzi za tishu unganishi, zile zinazoshikilia misuli na kano. Huwapata watu wasiozidi 10 katika kila milioni kwa mwaka, na ule wa ukuta wa tumbo huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kwa kuwa ni adimu, uvumi umejaa.

Dhana: Ni kansa, itafika kwenye mapafu.
Haifiki. Desmoidi haisambai kwenye viungo vya mbali. Ubaya wake uko palepale ilipo, kwa kuwa hupenya msuli kama mizizi, na ikiondolewa inaweza kurudi.

Dhana: Ukiigundua leo, kesho uwe chumba cha upasuaji.
Hapa ndipo mambo yamebadilika zaidi. Zamani kukata mapema na kwa upana ndiyo ilikuwa kanuni. Mwaka 2013 watafiti wa Ufaransa walitoa taarifa ya wagonjwa wa desmoidi ya ukuta wa tumbo: kati ya 102 ambao hawakupasuliwa mwanzoni, 29 uvimbe wao ulipungua wenyewe. Katika jaribio la dawa ya sorafenibu lililochapishwa 2018, hata waliopewa vidonge visivyo na dawa, mmoja kati ya watano uvimbe wake ulisinyaa. Mwongozo wa kimataifa wa 2020 ukaweka ufuatiliaji wa karibu kuwa hatua ya kwanza.

Ufuatiliaji huo una ratiba: picha ya MRI (kipimo kinachotumia sumaku) ndani ya mwezi mmoja au miwili, kisha kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Uvimbe ukiendelea kukua kipimo baada ya kipimo, au maumivu yakizidi, ndipo matibabu yanajadiliwa. Mgonjwa aliyeambiwa "nenda, haina shida" bila tarehe ya kurudi hajafuatiliwa, ameachwa.

Dhana: Kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa, kwa sindano kunauchokoza uvimbe.
Bila kinyama, daktari anabahatisha. Endometriosisi (tishu ya ndani ya mfuko wa uzazi inayoota nje yake) kwenye kovu hufanana na desmoidi, sarkoma (saratani ya tishu kama misuli) pia, na matibabu yake ni tofauti kabisa. Maabara huangalia protini ya beta-katenini na, inapowezekana, mabadiliko katika jeni ya CTNNB1. Hata wataalamu wa patholojia, wanaosoma kinyama kwa hadubini, huikosea, kwa hiyo kuomba jicho la pili si utovu wa adabu.

Dhana: Chembe za uvimbe zikibaki ukingoni mwa palipokatwa, upasuaji umeharibika.
La. Ukuta wa tumbo ndiko upasuaji wa desmoidi huleta matokeo mazuri zaidi, na lengo ni kuondoa uvimbe wote unaoonekana. Chembe zinazoonekana kwa hadubini tu hazitoshi kuwa sababu ya kumrudisha mtu mezani, maana wengi wao uvimbe haurudi. Gharama ya kukata kupita kiasi ni kubwa: pengo kwenye msuli, ambalo mara nyingi huzibwa kwa wavu maalumu, na hatari ya henia baadaye. Mwanamke anayetaka mtoto mwingine aliseme hilo kabla ya upasuaji, kwa sababu linaathiri namna ya kujenga upya tumbo. Na ndiyo, anaweza kubeba mimba tena. Uvimbe unaweza kukua wakati wa ujauzito, lakini hilo si katazo.

Dhana: Usipopasuliwa, hakuna kingine.
Vipo. Uvimbe unaweza kugandishwa kwa sindano za baridi kali penye wataalamu. Methotreksati na vinblastini ni dawa za zamani za saratani, na zote zimo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Dawa mpya zaidi, nirogasestati, iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, ila huvuruga ovari, jambo zito kwa kundi hilihili la wagonjwa. Tamoksifeni, dawa inayozuia homoni ya estrojeni, bado huandikwa hapa na pale, ingawa ushahidi wake ni dhaifu na mwongozo wa 2020 hauipendekezi.

Kama CTNNB1 haijabadilika, au ukoo una historia ya polipu (vijinyama vinavyoota ndani ya utumbo) na saratani ya utumbo mpana, utumbo wenyewe ukaguliwe kwa kamera: desmoidi nyingine huja pamoja na ugonjwa wa kurithi wa polipu.