Kuongeza memory_limit hakukuongezei RAM

"Fundi, niongezee memori iwe 512, tovuti irudi." Wenye maduka Kariakoo, shule za Mbezi, ofisi za mawakala Posta, wote huja na ombi hilohilo, na wengi wao wameshaambiwa na mtu kwamba dawa ni mstari mmoja kwenye wp-config.php, faili la mipangilio ya tovuti. Dhana hii ndiyo inayoangusha tovuti nyingi za WordPress (programu ya kujengea na kuendesha tovuti) zinazoendeshwa kwenye seva ndogo, kwa hiyo tuanze nayo.

memory_limit ni kikomo cha memori ambayo ombi moja la PHP, lugha inayoendesha WordPress, linaweza kutumia; mtu akifungua ukurasa, hilo ni ombi. Andika 256M, andika 1024M, RAM ya akaunti yako, yaani memori ya kazi ya seva uliyotengewa, inabaki ileile uliyolipia. Ile namba 134217728 inayotokea kwenye ujumbe wa hitilafu, "Allowed memory size of 134217728 bytes exhausted", ni baiti, yaani MB 128, kikomo cha kawaida cha PHP. Maana yake ni kwamba mtu mmoja amefungua ukurasa mmoja, na ombi lake limekula MB 128 na bado likataka zaidi. WordPress yenye themu (muonekano wa tovuti) nyepesi na plagini (viongezo) zilizoandikwa vizuri kwa kawaida humaliza ukurasa kwa MB 30 hadi 60. Kwa hiyo jambo la kutafuta ni kilichokula kiasi hicho.

Piga hesabu. Kwenye seva ya pamoja, inayobeba tovuti za wateja wengi, akaunti ndogo hupewa RAM ya GB 1, pengine MB 512, na hiyo ndiyo hugawanywa kwa maombi yote yanayoshughulikiwa kwa wakati mmoja. Ombi likitumia MB 60, GB 1 hubeba maombi 17. Ukipandisha kikomo ukaiacha plagini mbovu ifike MB 250, yanabaki manne. Siku za kawaida hutaona tofauti. Subiri siku matokeo ya kidato cha nne yanapotoka na wazazi wanafungua tovuti ya shule kwa pamoja, au duka linapotangaza ofa ya Idd Instagram. Ombi la tano linagonga kikomo cha akaunti nzima, na kila mgeni anapata hitilafu 500 au 503 badala ya ukurasa. Mwanzo ulikuwa na ukurasa mmoja unaoanguka. Sasa huna tovuti. Maombi mazito pia huchukua muda mrefu kumalizika, hivyo foleni hujaa na hitilafu 508 inatokea: hiyo inahusu kikomo cha idadi ya maombi ya pamoja, na haina uhusiano wowote na memory_limit.

Mhusika anatafutwa hivi. Fungua wp-config.php, weka WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG kuwa true, WP_DEBUG_DISPLAY kuwa false, ili hitilafu ziandikwe kwenye faili bila wageni kuziona, kisha rudia kitendo kilichoanguka. Soma wp-content/debug.log. Hapa watu hupotea: faili linalotajwa mwishoni mwa ujumbe ndilo lililokuwa likiomba memori wakati kikomo kinafikiwa, na si lazima liwe ndilo lililoijaza. Ukiona limetajwa class-wpdb.php, faili la WordPress linalozungumza na hifadhidata, usiseme WordPress ni mbovu. Kuna plagini au themu iliyoomba safu nyingi mno kutoka kwenye hifadhidata kwa mara moja. Mkosaji wa kudumu ni posts_per_page (idadi ya vitu vya kuleta kwa mara moja) iliyowekwa -1, yaani "niletee zote". Duka lenye bidhaa 40 halitalisikia hilo, lenye bidhaa 4,000 litaanguka. Badilisha -1 iwe 24 na ugawe orodha kwa kurasa.

Plagini ya Query Monitor itakuonyesha kila ukurasa umefika MB ngapi na nani ameuliza nini kwenye hifadhidata. Kuzima plagini moja baada ya nyingine mbele ya wateja hakuna haja: plagini ya Health Check & Troubleshooting huzizima kwako peke yako huku wageni wakiendelea kuona tovuti kama kawaida. Ukimaliza, zima WP_DEBUG na ufute debug.log, kwa sababu kwenye seva nyingi mtu yeyote anaweza kuisoma kwa kivinjari.

Kupandisha kikomo kuna mahali pake. Kama kazi moja tu ndiyo inayoanguka, mfano kuingiza orodha ya bidhaa kutoka faili la CSV (jedwali la maandishi matupu), toka 128 uende 256, fanya kazi hiyo usiku, kisha rudisha. Njia iliyo bora zaidi ni kuligawa faili lenyewe vipande vya mistari 200. Na ukishapandisha, thibitisha kwenye Site Health (ukurasa wa ukaguzi ndani ya dashibodi ya WordPress) kwamba thamani imebadilika kweli, maana seva nyingi hazikubali amri ya wp-config.php na hutaka ubadilishe kwenye mipangilio ya PHP ya cPanel, paneli ya kusimamia akaunti ya seva.

Yapo na mengine tunayoyasikia kwa wateja. "Nimelipia GB 10, memori itaishaje?" Hizo GB 10 ni nafasi ya kuhifadhi mafaili. RAM ni kitu kingine na mara nyingi imeandikwa chini kabisa ya tangazo, au haikuandikwa. Uliza kabla ya kutuma pesa: RAM ya akaunti ni kiasi gani, na maombi mangapi yanaruhusiwa kwa pamoja. Asiyeweza kukujibu maswali hayo mawili, usimlipe.

"Picha yangu ni MB 3 tu." Kwenye diski, ndiyo. Seva ikitaka kuipunguza lazima kwanza iifungue, na hapo kinachohesabiwa ni pikseli. Picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12, kila moja baiti 4, jumla kama MB 48, kabla ya nakala ndogo ambazo WordPress huzitengeneza. Ndiyo maana picha ya kitenge inakwama ikipakiwa huku PDF ya MB 8 inapita. Punguza picha kwenye simu hadi upana wa pikseli 1600 kabla ya kuipakia. Utaokoa na bando.

"Plagini zisizidi kumi." Idadi haisemi kitu. Plagini 25 ndogo zinaweza kula kidogo kuliko moja ya kujengea kurasa. Kinachosahaulika ni mabaki ya plagini zilizofutwa: data zao hubaki kwenye wp_options (jedwali la mipangilio kwenye hifadhidata) na kupakiwa kila ukurasa unapofunguliwa. Zikipita kama KB 800, Site Health hutoa onyo. Litii.

"OPcache inakula memori, izimwe." Kinyume chake. OPcache huhifadhi msimbo wa PHP uliokwisha kutafsiriwa mahali pamoja ambapo michakato ya PHP inashirikiana. Ukiizima, kila ombi linatafsiri upya na kubeba nakala yake.

"Nimeweka kashe, nimemaliza." Kashe ya kurasa, yaani nakala zilizokwisha kutengenezwa, husaidia sana kwa habari na matangazo, na kila tovuti ndogo inapaswa kuwa nayo. Ila kapu la manunuzi, ukurasa wa malipo na dashibodi ya msimamizi havipiti kwenye kashe. Wafanyakazi watano wakiacha dashibodi wazi mchana kutwa, kila kivinjari kinaendelea kuita admin-ajax.php, na kila wito ni ombi jipya la PHP. Wafunge wakimaliza kazi.

"Nitahamia VPS ya GB 1, nitapumua." VPS ni seva unayoisimamia mwenyewe, na utapumua ukijua kuigawa RAM yake. Mfumo wenyewe na huduma zake huchukua MB 200 hivi, MariaDB (programu ya hifadhidata) MB 200 hadi 300, inabaki kama MB 500 ya PHP. Ukigawa kwa MB 60 unapata nane, basi pm.max_children, yaani idadi ya juu ya michakato ya PHP kwa pamoja, iwe 6 au 7, na pm iwe ondemand, yaani michakato ianzishwe inapohitajika tu. Anayeandika 50 kwa sababu ameona kwingine anaahidi GB 3 asizokuwa nazo. Linux ikiishiwa itaua mchakato mkubwa kuliko yote, ambao kwa kawaida ni hifadhidata, na wageni wataona "Error establishing a database connection". Watu hukimbilia kubadilisha nywila ya hifadhidata wakati jibu limelala kwenye dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wa Linux: tafuta maneno "Killed process". Tengeneza swapu (faili la diski linalosaidia RAM ikijaa) ya GB 1, ruhusa za faili lake ziwe 600, liandike kwenye /etc/fstab ili lirudi seva ikiwashwa upya, na vm.swappiness iwe 10, ili Linux isiikimbilie mapema. Swapu ni ya kukuvusha dakika chache za msongamano. Ikitumika kutwa nzima, nunua RAM.