Nyuzi 45 za ukavu na nyuzi 34 za fukuto, wapi mtu anaumia zaidi?

Kila kiangazi kikianza upande wa kaskazini wa dunia naulizwa swali lile lile, linabadilika majina ya miji tu. Mtu anasema huku nilipo ni nyuzi 34 na nahisi nakata roho, halafu ndugu yangu yuko jangwani anasema kwao ni 45 na anadunda na kazi zake, sasa nani anatia chumvi? Hakuna anayetia chumvi. Nimefanya kazi ya hali ya hewa miaka mingi na naomba leo nilieleze hili taratibu kwa sababu watu wanaumia, wengine wanakufa kabisa, kwa kuangalia namba moja ya themomita na kudhani imemaliza habari yote.

Kwanza tuachane na ile asilimia ya unyevu inayokaa kwenye simu yako. Sisemi ni ya uongo, ila kwa kulinganisha mahali na mahali inapoteza watu kweli kweli. Hewa ya nyuzi 20 ikijaa mvuke hadi mwisho inabeba kama gramu 17 za maji kwa kila mita moja ya ujazo, hewa ya nyuzi 30 inabeba 30 hivi, ya nyuzi 40 inafika 51. Asilimia inakuambia ndoo imejaa kiasi gani, haikuambii ndoo yenyewe ni ya lita ngapi. Ndio maana asubuhi ya baridi ya nyuzi 12 yenye unyevu wa 95% ina maji machache kuliko mchana wa nyuzi 33 wenye 59%, tena machache sana, hata nusu hayafiki.

Na asilimia inapanda na kushuka siku nzima hata maji yasipobadilika. Chukua hewa ile ile, alfajiri ikiwa nyuzi 25 utasoma 94%, saa tisa mchana ikishapashwa hadi 33 utasoma hiyo 59%, mtu anasema "afadhali unyevu umeshuka" wakati hakuna hata tone lililoondoka, ndoo tu ndiyo imepanuka. Hapa ndipo zinapozaliwa zile stori za "kwetu ni nyuzi 38 na unyevu 100%". Hapana jamani. Mtu amechukua asilimia ya alfajiri akaiunga na joto la mchana. Nyuzi 38 na 100% kwa pamoja ni zaidi ya rekodi yoyote inayotajwa duniani.

Namba ninayoomba uizoee ni nukta ya umande, yaani kiwango cha joto ambacho hewa ikipoa hadi hapo mvuke wake unaanza kugeuka maji. Umeshaiona kwa macho yako. Glasi ya maji ya barafu mezani, nje yake inatoka matone yanashuka hadi chini yanafanya duara la maji, ule ni mvuke wa chumbani umegusa kioo kilicho baridi kuliko nukta ya umande. Siku kavu glasi ile ile inabaki kavu kabisa nje. Mimi mpaka leo nikifika mji mgeni naangalia glasi kabla sijafungua simu. Nukta ikiwa chini ya 13 hewa ni kavu na unajisikia mwepesi, ikifika 18 unaanza kuhisi nguo, 21 shati linanata mgongoni, 24 ni fukuto lenyewe, na ikipita 27 hata mtu aliyezoea anatafuta pa kukaa. Na uzuri wake haichezi cheze kama asilimia, siku nzima inaweza kubaki karibu palepale, kwa hiyo ukilinganisha mji na mji unalinganisha kitu cha kweli.

Sasa swali linalonivutia zaidi ni hayo maji yametoka wapi. Ukitaka kujua fukuto la mahali usiangalie ramani ya joto, angalia upepo wa kiangazi umepita bahari gani kabla ya kufika pale na bahari hiyo ina joto kiasi gani. Hewa ikitembea juu ya maji siku kadhaa, nukta yake ya umande inasogelea joto la yale maji na kwa kawaida haiyapiti. San Francisco na Seoul ziko karibu latitudo moja, 37 na ushee, ila moja inapokea upepo uliopita kwenye mkondo wa baridi, maji ya nyuzi 12 hadi 15, nyingine inapokea hewa inayokuja kutoka upande wa Pasifiki ya magharibi yenye joto. Kwa hiyo Agosti Seoul watu wanalowa na San Francisco wanavaa sweta. Houston na New Orleans nazo ziko pembeni ya Ghuba ya Mexico yenye maji ya nyuzi 29 au 30 wakati wa kiangazi, nukta ya umande pale inashinda 23 hadi 25 wiki na wiki. Singapore ni hivyo hivyo mwaka mzima, mchana mara nyingi 31 hadi 33 tu, na rekodi yao ya juu kabisa ni nyuzi 37, namba ambayo mtu wa jangwani akiisikia anacheka, lakini nukta ya umande inakaa kwenye 24 haishuki, leo, kesho, mwezi ujao.

Sasa njoo Ghuba ya Uajemi, ndio mfano mkubwa kuliko yote. Ni bahari ya kina kifupi, wastani wa mita 35 hivi, jua linaipiga miezi yote ya kiangazi bila wingu, maji ya juu yanafika nyuzi 35. Tarehe 8 Julai 2003 mji wa Dhahran, Saudi Arabia, ulipima joto la nyuzi 42 na nukta ya umande 35. Soma tena hizo namba halafu angalia joto la bahari iliyo pembeni, zinafanana, haikuwa bahati mbaya. Tarehe 31 Julai 2015 Bandar-e Mahshahr ng'ambo ya pili kule Iran walipata 46 na nukta ya umande 32. Watu wanadhani jangwa maana yake ukavu, kumbe jangwa lililogusana na bahari ya moto linaweza kuwa na fukuto kuliko msitu wa mvua. Sogea bara kilomita mia mbili tatu unapata nyuzi 47 na hewa kavu inayopasua midomo.

Mimea nayo inatoa maji, hili watu hawalifikirii. Katikati ya Marekani Julai mahindi yako kwenye kukua kwa kasi na yanavuta maji ardhini na kuyatoa kwa majani, mashamba ya upana usioonekana mwisho, na ndio sababu moja Appleton, Wisconsin, mji ulio mbali na bahari kabisa, ulipima nukta ya umande ya 32 tarehe 13 Julai 1995. Umwagiliaji mkubwa bonde la mto Indus, huko Pakistan, unafanya kazi hiyo hiyo.

Turudi kwa wale ndugu wawili wa mwanzo. Kituo nilichojifunzia kazi kulikuwa na themomita mbili zimesimama ndani ya kibanda cheupe cha mbao, moja ya kawaida, nyingine imevalishwa kitambaa chembamba cha pamba kilichochovya mkia kwenye kikopo cha maji. Maji yanapanda kwenye kitambaa, yanakauka, yakikauka yanaondoka na joto, themomita inashuka. Hicho kitambaa ni ngozi yako ikiwa na jasho, ni kitu kimoja. Wiki moja kikopo kilikauka na hakuna aliyegundua, kitambaa kikawa kigumu kimeshika vumbi, themomita zote mbili zikasoma sawa na kwenye daftari tukaandika kama vile hewa imejaa maji, wakati nje nyasi zinavunjika kwa ukavu. Tangu hapo sisomi namba kabla ya kugusa kitambaa.

Piga hesabu sasa. Jangwani nyuzi 45 na unyevu 10%, kitambaa kibichi kinasoma 21 hivi. Pwani nyuzi 34 na unyevu 65%, kinasoma 28. Yaani yule wa 34 ndiye ambaye jasho lake halina pa kwenda. Kila gramu ya jasho inayokauka inaondoka na kilojuli 2.4 za joto la mwili, ila lazima ikauke, ile inayodondoka kidevuni imepotea bure, umepoteza maji na chumvi na hujapoa. Nikiona mtu anadondokwa jasho kama mvua sifurahii kwamba "anatoa joto", naona mwili unaojaribu na kushindwa.

Lakini msinielewe vibaya, ukavu nao unaua, kwa njia yake. Jasho linakauka kabla hujaliona, unafanya kazi kwa muda wa saa tatu ngozi iko kavu kabisa unajiona mzima, kumbe umepoteza lita kadhaa. Huko kiu ni mshauri mbaya, kunywa kabla haijafika. Na feni jangwani haisaidii kama unavyodhani, hewa ikiwa na joto kuliko ngozi yako (ngozi ni kama 35) feni inakumwagia joto, na joto likivuka 40 Shirika la Afya Duniani linasema feni itakupasha badala ya kukupoza.

Kuna kikomo cha yote haya. Mwaka 2010 watafiti Sherwood na Huber waliandika kwamba kitambaa kibichi kikisoma 35 kwa saa kadhaa binadamu hawezi kupoa hata akikaa uchi kivulini na upepo. Jacobabad huko Pakistan na Ras al Khaimah kule Falme za Kiarabu zimeshagusa hapo kwa muda mfupi. Baadaye, mwaka 2022, vipimo vya chuo kikuu cha Penn State, Marekani, kwa vijana wazima vilionyesha mwili unaanza kushindwa mapema zaidi, kama 31 kwenye hewa ya unyevu. Vijana wazima hao. Mzee mwenye dawa za presha yuko chini zaidi, na hili ndilo linanikosesha usingizi.

Kitu kingine ambacho namba ya mchana haikuambii ni usiku. Hewa kavu inaachia joto, jangwani inaweza kushuka nyuzi 15 au 20 jua likizama na mwili unapata nafasi ya kupumzika. Mvuke unafanya kama blanketi. Quriyat, Oman, tarehe 26 Juni 2018 walikaa saa 24 joto halikushuka chini ya 42.6, yaani hata alfajiri kabisa. Chicago Julai 1995 walikufa watu zaidi ya 700 na sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa usiku usiopoa, wazee wamejifungia vyumba vya juu madirisha yamefungwa, siku ya pili, siku ya tatu, mwili umechoka.

Ile namba ya "inahisi kama" kwenye simu itumie, ila jua ilivyotengenezwa. Ya Wamarekani imetokana na kazi ya mtafiti Steadman ya 1979, inamchukulia mtu aliye kivulini na kaupepo kidogo, ukiwa juani ongeza. Wakanada wana humidex yao yenye fomula nyingine, kwa hiyo 42 ya huku na 42 ya kule sio kitu kimoja, usizipange pamoja. Kwa wanaofanya kazi nje au kucheza mpira mimi naamini zaidi kipimo cha WBGT, kinachochanganya kitambaa kibichi, themomita ya kawaida na nyingine iliyo ndani ya tufe jeusi, kwa sababu kinaingiza jua na upepo ndani yake, na asilimia 70 ya uzito kinaupa kitambaa kibichi.

Mji unaoonyesha yote haya ndani ya wiki chache ni Delhi. Mei na mwanzo wa Juni ni nyuzi 42, 45, hewa kavu, na majumbani wanatumia mashine zile zinazopuliza hewa kwenye majani yaliyoloweshwa maji, chumba kinapoa vizuri kwa umeme kidogo. Halafu monsuni, yaani pepo za msimu wa mvua, inafika, themomita inashuka hadi 34 au 35, kwenye karatasi mambo yamekuwa nafuu. Nukta ya umande inapanda 26, 27. Mashine ile ile, maji yale yale, inapuliza hewa yenye unyevu na chumba hakipoi, majani yamelowa hayakauki. Sasa mtu akiniuliza ahamie wapi namwambia aniletee namba mbili tu, nukta ya umande ya saa tisa mchana na joto la saa kumi na moja alfajiri.