Bahari ya Lamu Kama Maabara ya Watoto

Mwanafunzi wa Gredi ya Tano kisiwani Lamu anaweza kueleza bila kusita kwamba maji hujaa na kupwa kwa sababu ya mvutano wa mwezi, ilhali hajawahi kuyapima maji hayo yanayopita karibu na mlango wa shule yake. Mtaala wa Umilisi, unaofuatwa katika shule za Kenya, unamtaka mtoto achunguze, na kwa maoni yangu hakuna mahali panapomrahisishia mwalimu kazi hiyo kama huku pwani.

Vifaa ni vichache. Ufito wa mkoko utiwe alama za rangi kila sentimita 10, ufungwe imara kwenye nguzo ya gati, kisha watoto, wakiwa juu ya gati pamoja na mtu mzima, waandike kila siku saa ambayo maji yamejaa na kina yalichofikia. Kabla ya kusoma alama, kila mmoja aandike anachokisia na sababu yake. Baada ya siku chache watagundua wenyewe kwamba maji huchelewa kujaa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa kuwa Dunia inapomaliza mzunguko wake mmoja, mwezi nao umekwisha kusogea mbele katika njia yake.

Ugumu wenye manufaa huja na bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Watoto wengi hudhani kwamba mwezi ukionekana mkubwa ndipo unapovuta zaidi, kwa hiyo hutarajia bamvua wakati wa mwezi mpevu pekee. Vipimo vyao vitawaonyesha bamvua nyingine siku za giza la mwezi, wakati mwezi wenyewe hauonekani. Hapo namsihi mwalimu anyamaze kidogo. Awape tochi, chungwa na ndimu, waipange Dunia, mwezi na jua hadi watambue kwamba katika hali zote mbili vitatu hivyo hukaa karibu mstari mmoja, mvutano wa jua ukaungana na ule wa mwezi. Kisha aalikwe mvuvi mzee, aulizwe anavyoyatambua maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu, na majibu yake yalinganishwe na daftari.

Katika kusahihisha, alama zitolewe kwa sababu iliyofikiriwa na kipimo kilichoandikwa kwa uaminifu. Kisio lililokosea lisifutwe. Lipigwe mstari mmoja tu, ili mtoto aweze kulisoma tena atakapoandika alichokiona.