Saba Saba: nani alihutubia Kamukunji?

Wapo wanaosimulia kwamba Kenneth Matiba na Charles Rubia, mawaziri wa zamani wa Kenya, walihutubia umati katika mkutano wa kudai vyama vingi uwanjani Kamukunji, Nairobi, siku ya Saba Saba, yaani tarehe 7 Julai 1990. Sivyo. Wawili hao walikuwa wamekamatwa tarehe 4 Julai na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, kwani serikali ya Rais Moi, iliyokuwa imeupiga marufuku mkutano huo, yaelekea ilidhani kwamba wananchi wasio na viongozi wangebaki majumbani. Walijitokeza, tena wengi, wakinyoosha vidole viwili, ishara ya vyama vingi dhidi ya kidole kimoja cha KANU, chama tawala na cha pekee, wakakabiliwa kwa mabomu ya machozi, virungu na risasi. Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu tangu 1982, kilifutwa Desemba 1991, mara baada ya wafadhili kusitisha misaada.